Zidaka za Pwani au zelije ya Morocco? Kuchagua mapambo ya Kiislamu kwa nyumba ya Arusha au Moshi

Anayemalizia nyumba Njiro au Shanty Town na anataka sebule au chumba cha swala chenye sura ya Kiislamu, mara nyingi humwendea fundi na picha tatu kwenye simu: ukuta wa Lamu wenye zidaka, yaani safu za vishubaka ukutani, ua wa Marrakech wenye zelije, yaani vigae vya rangi vilivyokatwa vipande na kupangwa, na kuba la Istanbul. Fundi huziangalia zote, kisha huzijibu zote kwa kitu kimoja, yaani jipsamu na taa za mkanda. Ndani ya masika mawili sehemu ya chini ya ukuta imeshaanza kubanduka.

Picha hizo zinatoka katika mila tatu tofauti za ujenzi, na kila mila ina nyenzo zake, hali yake ya hewa na mafundi wake. Hapa tunazipima kwa swali moja: kipi kinaweza kujengwa vizuri Arusha au Moshi, kwa mikono iliyopo, kikadumu? Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa nyumba nyingi za huku, kuta na milango zifuate Pwani, mpangilio wa ukuta kutoka chini hadi juu ufuate Morocco, na kuba liachwe.

Mahali penyewe

Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni kati ya mita 800 na 900. Tofauti hiyo inaonekana ukutani. Juni hadi Agosti Arusha ni baridi na mawingu, mwanga ndani ya nyumba ni hafifu, na chokaa mbichi huchelewa kushika. Moshi, Januari na Februari, jua na upepo hukausha lipu kabla haijapata nguvu. Kwa hiyo kazi za chokaa Arusha zisubiri masika na baridi vipite, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Moshi zifanywe asubuhi na zifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa siku 3 angalau.

Jambo la pili ni kibla. Kutoka Arusha, Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeelekea mashariki kwa nyuzi 7 hivi tu. Moshi ni kati ya nyuzi 5 na 6, kiasi kwamba anayeswali mjini uso wake unaelekea Kibo. Ukuta wa mihrabu basi ni wa kaskazini, ambao hauchomwi na jua la asubuhi wala la jioni, na ndio unaofaa kubeba nakshi. Dirisha jembamba la mashariki au magharibi, karibu na kona, litaupa mwanga wa ubavuni unaofanya nakshi ya milimita 8 isomeke vizuri. Taa ikiwekwa mbele ya ukuta, ikiupiga usoni, hufuta kila kivuli na nakshi huonekana kama karatasi ya ukutani.

Nyuzi hizo 7 si ndogo. Chumba kilichojengwa sawasawa kaskazini, chenye ukuta wa mita 4, kinapishana na kibla kwa sentimita 49 kutoka kona hadi kona. Wengi hupinda mazulia na kuacha pembetatu tupu mbele ya imamu. Mafundi wa Cairo walilimaliza tatizo hili zamani: msikiti wa al-Aqmar, uliojengwa 1125, uso wake wa nje unafuata barabara na ndani yake inafuata kibla, na tofauti imemezwa na unene wa ukuta. Nyumbani fanya hivyohivyo. Jenga ukuta wa pili wa ndani unaogusana na ule wa zamani upande wa kushoto na kuachana nao sentimita 49 upande wa kulia. Upande mwembamba unapata zidaka zisizo na kina, upande mnene unapata kabati la misahafu.

Mila tatu kwa ufupi

Nyumba za mawe za Pwani, Lamu hadi Kilwa, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko ambazo zilivuka mita 2.5 hadi 3 tu, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 mgeni alipita msana wa tini, akapita msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, na macho yake yakaishia kwenye ukuta wa zidaka, safu juu ya safu. Uzuri wake ni kivuli: ukuta ni mweupe mtupu, na giza ndani ya kila kidaka ndilo linalochora.

Morocco inategemea rangi na tabaka. Angalia madrasa ya Ben Youssef pale Marrakech, iliyokamilika katika miaka ya 1560: chini kuna zelije, katikati plasta iliyochongwa, juu mbao za mwerezi wa Atlas. Watu huona anasa pale. Ukitazama tena utaona akili ya fundi: kitu kigumu kinachooshwa kimewekwa pale mabega, maji na ndoo vinapogusa, kitu laini kinachochongeka kimewekwa juu ya kichwa, mbao ziko mbali na unyevu wa sakafu. Hata asiyeweza kununua kigae kimoja kutoka Fez anaweza kuiga mpangilio huu, na ndiyo zawadi kubwa Morocco inayoweza kumpa mjenzi wa Arusha.

Uturuki wa Sinan, msanifu mkuu wa Kiosmani wa karne ya 16, ni usanifu wa nafasi moja kubwa chini ya kuba, na vigae vya mji wa Iznik hung'aa vizuri kwa sababu mwanga unaingia kutoka juu pande zote. Huku kwetu kuba kwa kawaida huwa la faiba, linawekwa juu ya paa la bati na ndani linafichwa na dari bapa. Mtu aliye ndani halioni, na maungio ya kuba na bati ndiyo mahali pa kwanza kuvuja. Likiachwa wazi ndani, hukusanya sauti na kuirudisha kama mwangwi. Kuba la Süleymaniye, msikiti uliokamilika 1557, lina vyungu vitupu vilivyozikwa ndani yake kwa ajili ya sauti, na hiyo si kazi ya kuagiza kwa simu. Kwa msikiti wenye saruji ya kutosha na mhandisi, sawa. Kwa nyumba, hapana.

Ukuta: hapa ndipo fedha hupotea

Kuna njia nne zinazoshindana.

| | Inapofaa | Isipofaa | Kinachoiharibu |
|---|---|---|---|
| Zidaka za chokaa | Ukuta mfupi wa mwisho wa chumba | Ukuta wa nje wa inchi 6 | Saruji nyingi, kukauka haraka |
| Jipsamu | Dari, na juu ya mita 1.2 | Bafuni, chini ya ukuta | Unyevu wa sakafu, kupigapiga deki |
| Zelije halisi | Kipande kidogo cha heshima | Sakafu nzima | Usafirishaji, fundi asiyeizoea |
| Vigae vyenye nakshi | Kutawadhia, jikoni, chini ya ukuta | Pale mchoro usipofungika | Kuanzia kona badala ya katikati |

Zidaka zinahitaji unene. Ukuta wa tofali la inchi 6 una sentimita 15. Ukichimba kidaka cha sentimita 12 unabaki na 3, na masika itakuonyesha kosa. Jenga ukuta wa ndani wa tofali la inchi 4 mbele ya ule wa zamani na uufunge nao kwa waya au nondo ya milimita 6 kila mstari wa tatu wa tofali. Usiruke hatua hii. Ukanda wetu uko jirani na Bonde la Ufa, na tetemeko la Julai 2007 lililotokea karibu na Gelai liliwafikia watu wa Arusha. Ukuta wa mapambo usiofungwa ndio huanguka kwanza.

Kwa ukuta wa mita 3.6, panga zidaka 9 kwa safu, kila kimoja upana sentimita 28 na urefu 40. Tisa mara 28 ni 252, zinabaki 108, na nguzo 10 za katikati na pembeni zinapata sentimita 10.8 kila moja, karibu unene wa tofali la inchi 4. Namba iwe witiri ili kidaka kimoja kikae katikati kabisa. Kati ya safu na safu mwaga kibamba cha zege cha sentimita 5. Upinde wa juu usikadiriwe kwa jicho: kata kiolezo kimoja cha plaiwudi na ukitumie kwa vidaka vyote.

Lipu ya kwanza iwe saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Ya juu, itakayochongwa, iwe chokaa 1 kwa mchanga laini 2 bila saruji, unene wa milimita 10 hadi 12. Chokaa ya mfuko ilowekwe kwenye pipa wiki 2 au zaidi, maji yaifunike kwa vidole vitatu. Mchanga wa huku una asili ya volkano, na mwingi ni mweusi au wa kijivu, hivyo utatia kivuli kwenye weupe wako. Tafuta ulio mwepesi kwa lipu ya juu na uupime kwa chupa: jaza nusu mchanga, nusu maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope lililotanda juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe.

Kuchonga huanza pale kidole gumba kinapobonyeza bila kuacha shimo ilhali ukucha bado unakwaruza. Chora nakshi kwenye karatasi, itoboe kwa sindano kufuata mistari, iweke ukutani na uipige kwa kitambaa chenye vumbi la mkaa. Piga lipu kwa kipande unachoweza kukimaliza siku hiyo, nusu mita ya mraba inatosha kwa fundi anayejifunza. Fundi akikuambia ataongeza "saruji kidogo ipate nguvu", mkatalie: saruji hushika upesi, hupasuka nyufa nyembamba, na patasi huivunja vipande badala ya kuikata. Kosa lingine ni rangi ya mafuta. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa. Ukiiziba mapema unyevu hunaswa ndani na rangi hubanduka kama ngozi. Subiri wiki 4, kisha paka maji ya chokaa tabaka 3 jembamba.

Jipsamu tusiionee. Kwa dari, kwa mikanda ya juu na kwa nakshi iliyomwagwa kwenye kalibu, ni nyenzo ya haki, na mafundi wake Arusha na Moshi ni wengi. Ila hainywi maji ikapona. Ikae juu ya mita 1.2, na chini yake kikae kigae, terazo au lipu ya kawaida.

Zelije halisi hukatwa kwa nyundo kutoka kigae cha udongo cha sentimita 10 kwa 10, kipande kwa kipande, kisha vipande hupangwa vikiwa vimelala kifudifudi na kumwagiwa mgongo. Ukiiagiza, agiza kipande kimoja, tuseme sentimita 60 kwa 120 kwa ajili ya mihrabu, kikiwa kimeshaunganishwa. Kuhusu tadelakti, ile lipu ya Marrakech inayong'arishwa kwa jiwe na sabuni nyeusi: chokaa yake ina tabia yake, na pati ya dukani iliyopigwa ikang'aa si mbadala wake bafuni. Mahali pa kutawadhia weka terazo. Mafundi wake wapo, haitelezi sana ikisuguliwa bila kung'arishwa kupita kiasi, na inatengenezeka ikipasuka. Mteremko uwe sentimita 1.5 kwa kila mita, na bomba na bomba ziachane sentimita 75 hadi 80.

Vigae: pima mchoro kabla ya kulipa

Dukani, omba vigae 4 na uvipange sakafuni kavu. Kama nyota haifungiki palipokutana kona nne, achana navyo hata kama bei inavutia. Hakikisha maboksi yote yana namba moja ya bechi, na ununue asilimia 10 ya ziada. Vikilazwa kimshazari, 15.

Kisha hesabu marudio. Nyota ya ncha nane hutokana na miraba miwili iliyopishana nyuzi 45, hivyo hukaa ndani ya mraba na hurudia sawa pande zote. Nyota ya ncha sita haiko hivyo: marudio yake ni mstatili, upana wa sentimita 40 unataka urefu wa 69.3. Ukiilazimisha ndani ya mraba, nyota zinavutika na jicho linahisi kasoro hata kwa asiyejua hesabu. Ukuta wa mita 3.7 na mchoro wa sentimita 30 unapokea marudio 12, yaani mita 3.6, sentimita 10 zinazobaki zigawe mkanda mtupu wa sentimita 5 kila upande. Anza katikati siku zote. Nusu nyota pembeni ni sawa, robo nyota upande mmoja na theluthi upande wa pili ni uzembe.

Dirisha: mbao, MDF, chuma au tofali la matundu

Karibu na ikweta kama tulivyo, kuta zinazoumizwa na jua ni za mashariki na magharibi, na huko ndiko mashrabiya, yaani kiunzi cha matundu mbele ya dirisha, inakofanya kazi. Mashrabiya za Cairo, kama zile za Bayt al-Suhaymi ya karne ya 17, zina vijiti vilivyokerezwa na kuchomekwa bila misumari ili mbao zivimbe na kunywea bila kupasuka. Tundu zake ni ndogo usawa wa macho na kubwa juu, kwa stara chini na hewa juu. Karibu kila nakala ya huku husahau hilo la pili.

MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, iliyokatwa kwa mashine ya CNC inayoongozwa na kompyuta, ni rahisi kupatikana, na kwa kizigeu cha ndani inatosha. Tumia ya milimita 18 na usiruhusu kijiti kiwe chembamba kuliko unene huo. Nje, isikaribie: kingo zake zitanywa maji na kuvimba. Mbao halisi zikikatwa kwa mashine kutoka ubao mmoja huvunjika pale kijiti kinapokwenda kinyume cha nyuzi za mti, kwa hiyo ziungwe nusu kwa nusu.

Kwa dirisha la nje tunachagua chuma bila kusita. Nyumba za huku zinawekewa grili hata hivyo. Fedha zile zile zinaweza kuchomelea mchoro wa nyota ya ncha nane kwa chuma cha mraba cha milimita 12, ikawa ulinzi na mashrabiya kwa wakati mmoja. Tundu zisipungue sentimita 3, la sivyo brashi haiingii na vumbi la kiangazi litaganda humo. Arusha weka kioo kinachofunguka nyuma yake, kwa sababu usiku wa Julai hauna huruma. Moshi weka wavu kwenye fremu inayochomoka ili uoshwe. Tofali za matundu zinafaa varanda na ngazi, chini ya paa lililotoka sentimita 60 au zaidi, na juu yake pawe na rinta maana hazibebi uzito.

Mlango

Hapa Pwani haina mpinzani. Mlango wa Zanzibar wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa mtindo wa Kiarabu wa zamani. Wenye upinde juu ulienea baadaye, kwa athari za India, na misumari ya shaba ina asili hiyo hiyo ya India. Kwa nyumba ya kawaida, fremu na mfaa zikichongwa vizuri na mabamba yakaachwa matupu, mlango unapendeza kuliko uliojaa nakshi kila inchi.

Mninga au mkongo, unene wa milimita 45, nakshi ya kina cha 8 hadi 12. Bamba moja la mninga la sentimita 55 kwa mita 2.1 lina uzito wa kilo 32 hivi kabla ya shaba, kwa hiyo bawaba ziwe 3 na ziingie kwenye mbao ngumu. Mlango uliotengenezwa Unguja umekaa kwenye hewa yenye unyevu. Ukifika Arusha utanywea. Uache ndani ya nyumba wiki 3 au 4 ukiwa umesimama, umetenganishwa na sakafu kwa vipande vya mbao, ndipo upime na kuufunga. Ukifungwa siku ile ile uliposhushwa, mfaa utaachana na bamba kabla ya mwaka kwisha.

Maandishi

Aya huandikwa juu ya usawa wa macho, mbali na choo na pasipokanyagwa. Hatari kubwa iko kwenye kompyuta ya mkataji: programu nyingi za mashine hazijui kuunganisha herufi za Kiarabu, huzitenganisha moja moja na kuzipanga kutoka kushoto. Mpelekee mchoro wa vekta uliokwisha geuzwa kuwa mistari, usimpelekee maandishi ya kuchapa. Kabla mashine haijawashwa, toa nakala kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, ibandike ukutani pale itakapokaa, na umwombe maalimu aisome herufi kwa herufi pamoja na nukta zake. Akishakubali, karatasi hiyo hiyo ndiyo fundi aifuate.